Kwa Nini Kilwa Kuna Magofu na Kwetu Hakuna? Somo la Mto, Upepo na Udongo kwa Mkulima wa Kusini

Kwa kawaida hapa tunazungumzia viuatilifu, nafasi za kupandia na bei za ghalani. Leo naomba tuzungumze historia kidogo, na nina sababu ya kufanya hivyo.

Nilikuwa Chunyu na kikundi cha wakulima wa mboga. Bustani yao ilikuwa kando ya kijito. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliondoka na matuta yote, mbolea ya samadi waliyoisomba kwa wiki mbili, na pampu ya kikundi. Tulikaa chini ya mwembe kupanga mahali pa kuanza upya. Katikati ya kikao mzee mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa ametoka Kilwa Kisiwani kwa safari ya shule, akaniuliza: "Bwana shamba, wewe umesoma. Hebu niambie. Kilwa watu wamejenga majumba ya mawe tangu zamani, sisi huku hatuna hata gofu moja. Ina maana babu zetu hawakuwa na akili?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Siku ile nilimjibu kwa kifupi tu kwa sababu kikao kilikuwa na ajenda yake. Jibu kamili ni hili, na utaona mbele kwamba linahusu pia mahali utakapochimba kisima chako na mahali utakapofungua duka lako.

Mto hutoa, na mto huchukua

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuhusu Misri ya kale na mto Nile. Kila mwaka mto ule ulifurika, ukatandaza tope lenye rutuba mashambani, kisha maji yakarudi na watu wakapanda. Kinachosahaulika ni kwamba Wamisri hawakukaa tu kusubiri neema. Walikuwa wanapima kimo cha maji kwa alama zilizochongwa kwenye mawe, mwaka hadi mwaka. Maji yakiwa machache, walijua njaa inakuja. Yakizidi, walijua yatabomoa. Nyumba zao walijenga sehemu zilizoinuka na bondeni wakaacha mashamba.

Sasa tazama jirani zao wa Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo, kati ya mito Tigris na Euphrates. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita walichimba mifereji, wakamwagilia ngano na shayiri, wakajenga miji mikubwa. Lakini nchi yao ni tambarare, jua ni kali, na maji ya mfereji yana chumvi kidogo. Ukimwagilia bila maji kupata pa kutokea, maji hupaa hewani na chumvi hubaki. Mwaka mmoja huoni kitu. Baada ya miaka mingi udongo unakuwa mweupe juu. Kadiri karne zilivyopita, ngano ilipungua na shayiri ikashika nafasi yake, kwa sababu shayiri huvumilia chumvi zaidi. Baadaye hata shayiri yenyewe mavuno yakashuka.

Wewe uliye Chunyu, jina la kijiji chako linakukumbusha jambo hili hata kama halikutoka huko. Kwa Kiswahili, chunyu ni ile chumvi inayoganda mwilini ukitoka kuoga baharini. Ukiona utando kama huo juu ya tuta lako la mboga, na ncha za majani ya maharage zinaungua ilhali maji unatia, ujue shida iliyowapata watu wa Sumeri imeanza kwenye bustani yako.

Kilwa ilijengwa na upepo

Turudi kwenye swali la mzee. Kwa nini Kilwa?

Kilwa Kisiwani haina mto mkubwa. Kilichoifanya kuwa mji ni pepo za bahari. Kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, na majahazi kutoka Uarabuni na India yalikuja nao. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi, nao uliwarudisha kwao. Kwa jahazi la zamani, Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari inayowezekana kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Ukiipita ukaenda kusini zaidi, hadi Sofala katika Msumbiji ya leo, ungeweza kukosa upepo wa kurudi na kulala ugenini hadi mwaka mwingine.

Na dhahabu ilikuwa inatokea Sofala, ikiletwa kutoka bara, nchi ya Great Zimbabwe. Kwa hiyo watu wa Kilwa wakashika kazi ya katikati. Waliifuata dhahabu Sofala, wakaiweka Kilwa, na wageni wakaja kuichukua hapo na kuacha nguo, shanga na vyombo vya kauri. Wewe mfanyabiashara wa gulio unaielewa kazi hiyo. Ni yule mtu anayekaa pale ambapo gari kubwa linaishia na baiskeli zinaanzia.

Mambo mengine matatu ya mahali yaliwasaidia. Kwanza, ni kisiwa, hivyo adui wa bara alipata tabu kuwafikia. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka. Yanaongeza kwamba baada ya kununua, alichimba mkondo ili maji yakitoka watu wasiweze kuvuka kwa miguu. Mtu anaweza kulibishia simulizi hilo, ila linaonyesha kwamba watu wa Kilwa wenyewe walijua ulinzi wao ulikuwa ni maji. Pili, kisiwani kuna maji ya kunywa ya visima. Tatu, mawe ya matumbawe yapo pale pale, yanakatwa na kujengea, na yakichomwa yanatoa chokaa.

Hayo yalipokutana, ukatokea mji. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika 1331 na akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa. Msikiti Mkuu uliongezwa na kupanuliwa. Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba, na sarafu ya sultani huyo imepatikana hadi Great Zimbabwe. Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini mji unaosimama kwa njia moja ya biashara huanguka njia hiyo ikikatwa. Mwaka 1505 Wareno walifika na meli zenye mizinga chini ya Francisco de Almeida, wakauteka na kuupora mji. Ngome waliyoijenga waliiacha mwaka 1512, ila Sofala na dhahabu yake walishaishika wenyewe. Pepo ziliendelea kuvuma vilevile, visima vikabaki na maji yake, lakini mzigo ulikuwa haupiti tena mikononi mwa Kilwa. Mji haukurudi kuwa ule wa zamani.

Na sisi wa bara?

Hapa ndipo jibu la mzee lilipo. Nchi yetu ya Nachingwea na Ruangwa iko kati ya mabonde mawili, la Mbwemkuru kwa kaskazini na la Lukuledi kwa kusini. Mito yote miwili inaelekea Bahari ya Hindi. Lakini siyo mito ya kupandisha jahazi. Masika inajaa ghafla, na kiangazi sehemu nyingi unavuka kwa miguu, unaona mchanga tu na madimbwi.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tena katikati yake mara nyingi kuna kipindi cha ukame kinachounguza mahindi. Udongo mwingi ni wa kichanga, ukilimwa miaka michache mfululizo unachoka. Mbung'o walikuwa wengi, hivyo ng'ombe wa kulima au kuvuta mkokoteni hakukaa. Mzigo ulibebwa kichwani na mabegani.

Sasa jiulize: mtu mwenye akili atafanya nini katika nchi ya namna hiyo? Atalima shamba, likichoka atalipumzisha na kufungua jingine. Atajenga nyumba ya miti na udongo ambayo anaweza kuiacha bila hasara. Utajiri wake atauweka kwenye ghala la chakula, kwenye mbegu na kwenye watu wa ukoo wake. Nyumba ya miti na udongo haiachi gofu. Mchwa wanaila, mvua inaiangusha, na baada ya miaka 50 ni msitu. Kukosa magofu hakumaanishi kwamba hapakuwa na watu wenye maarifa. Maarifa yao yalikuwa ya kuhama kwa wakati na kula mwaka mzima kutoka kwenye mvua ya miezi mitano.

Mabonde yetu yalikuwa na kazi nyingine pia: yalikuwa njia. Msafiri hufuata maji. Leo hii barabara ya Mingoyo hadi Masasi inafuata bonde la Lukuledi. Karne ya 19 misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikipita nchi za kusini kwenda Kilwa Kivinje na Lindi, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Njia ileile iliyoleta nguo na chumvi ilileta pia wateka watu.

Ndiyo maana wengi walikimbilia uwanda wa juu wa Makonde. Kule juu hakuna mito. Wanawake walishuka miteremko mirefu kuchota maji chini na kupanda nayo kichwani. Mtu akisoma kitabu kinachosema watu wote wa kale walikaa kando ya mito, ataona hawa walikosea. Hawakukosea. Walipima maji kwa upande mmoja na usalama kwa upande mwingine, wakachagua kubaki hai. Misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876 iliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1882 ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, na baada ya hapo kituo kikuu kikahamia Newala, juu.

Kwa hiyo, mzee wangu, Kilwa walikuwa na upepo, kisima na jiwe. Sisi tulikuwa na mvua ya msimu mmoja, mchanga na mbung'o. Kila mmoja alitumia akili kwa alichopewa.

Waliokuja bila kuuliza

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi Tanganyika. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Wakapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ikapangiwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Maeneo mengine yalikuwa Kongwa na Urambo.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakaharibika kwa kung'oa visiki. Ilibainika kwamba udongo wa pale una mfinyanzi mwingi, jua likiupiga unakuwa kama saruji, na karanga haing'oki. Mvua nayo ilikuwa haitabiriki. Wagogo waliokaa pale tangu zamani walikuwa wanajua kwamba nchi ile ni ya njaa ya mara kwa mara. Huku Nachingwea udongo ulikuwa na nafuu, lakini hapakuwa na bandari ya kutosha wala reli. Ikabidi reli ijengwe kwanza, ikianzia kwenye hori ya Lindi, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu Mtwara.

Januari 1951 mpango ule mkubwa ulifutwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954, karanga zilizokusudiwa zikiwa hazipo. Reli ya Nachingwea ilifungwa 1962. Tulichobaki nacho ni mji wa Nachingwea wenyewe na bandari ya Mtwara, na hivyo vina faida hadi leo. Lakini karanga hazikuokoa mtu.

Fedha walikuwa nazo, mitambo walikuwa nayo, na wasomi pia. Walichokosa ni kuitazama nchi kwa miaka kadhaa, au kumuuliza aliyekwisha kuitazama.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nirudi chini ya mwembe. Ile bustani ya kando ya kijito iliyochukuliwa na maji, mahali pale nilipachagua mimi. Nilifika mwezi Agosti. Niliona maji yapo, udongo mweusi mzuri, barabara iko karibu. Nikapima kwa hatua, nikasema hapa panafaa. Sikuuliza maji hufika wapi mwezi wa Machi.

Baada ya hasara ndipo yule mzee wa swali la Kilwa alinionyesha mti mkubwa wa mkuyu ulioko mbali kidogo na kijito, akasema, "Mimi nikiwa kijana, maji yalifika pale." Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Hamkuniuliza." Nilijisikia vibaya, na ninaandika hapa ili mwenzangu usirudie. Mimi na wale wa 1946 tulifanya kosa moja, tofauti ni ukubwa wa pesa tu.

Mambo matano ya kufanya kabla hujaweka hela yako ardhini

1. Uliza wazee watatu, siyo mmoja. Waulize mambo haya: maji yalifika wapi katika mwaka mbaya kuliko yote? Kisima kipi hakikukauka katika kiangazi kikali? Shamba gani liliachwa, na kwa nini? Andika majibu.

2. Kaa mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi mnaona ni sheria ya kuwanyima bonde. Ukingo ukilimwa udongo hulegea, mto hutanuka, na shamba la kwanza kuliwa ni lako. Acha miti na majani ya ukingoni, lima juu, vuta maji kwa pampu au mfereji. Ukitaka kuchimba kisima kirefu, pata kibali kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

3. Chunguza chumvi. Onja maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Yakiwa na ladha ya chumvi, usiyategemee kwa maharage, kwa kuwa maharage hudhoofika mapema. Spinachi huvumilia zaidi. Tandaza nyasi juu ya tuta ili maji yasipae haraka, ongeza samadi iliyooza vizuri, mwagilia jioni, na hakikisha maji yana pa kutokea. Mvua ya masika iache ioshe udongo, usiizibe.

4. Usitegemee njia moja. Hili ni la wafanyabiashara hasa. Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, na malori yakakwama. Aliyekuwa na akiba ya wiki mbili aliuza, aliyekuwa anasubiri gari alifunga duka. Kabla ya masika weka akiba ya unga, chumvi, sabuni na mbegu.

5. Usitegemee zao moja. Kilwa ilisimama kwa dhahabu ya Sofala, na dhahabu ilipochukuliwa na wengine mji ukashuka. Korosho ndiyo dhahabu yetu, sawa, tuipulizie na kuipalilia. Lakini weka pia ufuta, mbaazi, na ekari ya chakula cha nyumbani ambacho hakingoji mnada.

Mwisho

Kikundi cha Chunyu kimehamisha bustani juu ya ule mkuyu. Ni mbali zaidi na maji, na akina mama wamelalamika kwa haki, kwa sababu wao ndio wanaobeba ndoo hadi pampu nyingine ipatikane. Tumekubaliana kila mwanakikundi achangie kidogo kidogo baada ya mauzo ya ufuta. Mzee wetu tumempa kazi ya kuweka alama kwenye shina la mkuyu kila masika, kuonyesha maji yamefika wapi. Mjukuu wake anaandika tarehe kwenye daftari.

Kama kijijini kwako kuna mti, jiwe au kisima ambacho wazee wanakitumia kupimia maji, mpige picha, muulize aliyekionyesha habari zake zote, kisha niletee ofisini au siku ya gulio. Nitaviweka pamoja ili atakayekuja baada yangu, hata akifika mwezi Agosti, ajue mwezi wa Machi unakuwaje.